Kumpasha Farasi Mwili Moto na Kumnyoosha Viungo: Maswali na Majibu

Kuna haja gani ya kumpasha farasi mwili moto, ilhali farasi wa mwituni hutoka shoti bila maandalizi yoyote?

Farasi wa mwituni hakimbii akiwa na mtu mgongoni, wala hatakiwi kuzunguka duara dogo au kuruka viunzi mfululizo. Isitoshe, yeye hutembea karibu mchana na usiku akitafuta malisho, kwa hiyo viungo vyake havilali kamwe, tofauti na farasi aliyesimama bandani tangu jioni.

Umbile lake nalo lina mengi ya kueleza. Farasi hana mfupa wa mtulinga. Kifua chake kimening'inia katikati ya miguu ya mbele kwa misuli na kano peke yake, na mpandaji anapokaa kwenye tandiko, sehemu kubwa ya uzito wake huangukia misuli hiyo. Chini ya goti la mguu wa mbele hakuna misuli ya maana, bali kano ndefu zenye damu chache, ambazo huchelewa kupata joto na huchelewa zaidi kupona zikichanika. Halafu kuna bandama: farasi huhifadhi humo chembe nyekundu nyingi za damu, na huzimwaga kwenye mzunguko anapofanya kazi, hata sehemu ya chembe hizo katika damu ikapanda kutoka asilimia 40 hivi hadi zaidi ya 60. Kazi ya kupasha mwili ni kuhakikisha kwamba hewa ya kutosha imeshafika kwenye misuli kabla ya kazi ngumu kuanza.

Utaratibu wake ukoje, na huchukua muda gani?

Kwa kawaida dakika 15 hadi 20, na dakika 10 za mwanzo ziwe za kutembea tu. Ni hapa ambapo wapandaji wengi hujipunja: humtembeza farasi mzunguko mmoja wa uwanja, kisha huanza kumhimiza kwa visigino. Mwacheni atembee kwa hatua ndefu, hatamu zikiwa zimelegezwa ili aweze kushusha shingo, na ikiwezekana anzeni kwa kumwongoza kwa miguu kabla ya kumpanda. Farasi mzee, mwenye maumivu ya viungo, au aliyelala bandani, aongezewe dakika 5 au zaidi za kutembea.

Baada ya hapo ndipo mchakamchaka uingie, kwanza kwa mstari ulionyooka na kwa maduara mapana yenye kipenyo cha mita 20 hivi, upande wa kulia na wa kushoto kwa kiasi sawa, kwani karibu kila farasi ana upande anaoupendelea na mpandaji naye humfuata bila kujua. Mchanganyiko wa kutembea, mchakamchaka na kusimama humfanya aanze kubeba uzito kwa miguu ya nyuma. Shoti fupi ya taratibu huja mwishoni, na kuruka au kupiga kona kali huja baada yake.

Jasho si kipimo cha kutegemewa. Katika joto la Mombasa au Muscat farasi hutoka jasho akiwa amesimama kivulini, na asubuhi ya Julai kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, jijini Nairobi, anaweza kuwa tayari kabisa huku ngozi yake ikiwa kavu. Tazameni mwendo wenyewe: hatua zimerefuka, mgongo umelainika chini ya tandiko, amepiga chafya moja mbili na anatafunatafuna lijamu bila kuling'ang'ania. Kukiwa na joto kali, punguzeni mchakamchaka na shoti, lakini msipunguze kutembea.

Je, nimvute miguu kumnyoosha kabla ya kumpanda?

Hapana. Misuli iliyo baridi ikivutwa kwa nguvu hujikaza kujilinda, na anayeendelea kuivuta huweza kuichana. Ni kweli kwamba masaisi wengi huinua mguu wa mbele na kuuvuta kidogo baada ya kukaza mkanda wa tandiko, na hakuna ubaya, ila lengo lake ni kunyoosha ngozi iliyokunjamana chini ya mkanda isije ikachubuka. Tusiliite zoezi la misuli.

Jambo jingine ni mazoezi ya karoti, ambapo farasi mwenyewe hufuata karoti kwa mdomo: hadi kifuani, hadi katikati ya miguu ya mbele, kisha ubavuni na karibu na nyonga, akishikilia kila mkao kwa sekunde 5 hivi. Kwa kuwa hajinyooshi zaidi ya anavyoweza, hatari yake ni ndogo. Utafiti wa Narelle Stubbs, Hilary Clayton na wenzao, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mazoezi ya aina hii yakifanywa kwa miezi 3 huongeza unene wa misuli midogo inayoshikilia uti wa mgongo. Kwa maoni yangu, mwenye nafasi ya zoezi moja tu achague hili.

Baada ya kumpanda, viungo vinyooshwe vipi?

Wakati huo misuli ina joto, kwa hiyo inakubali. Farasi asimame penye ardhi tambarare isiyoteleza, na mtu mwingine amshike kamba. Mguu wa mbele huinuliwa kwa kushikwa nyuma ya goti na juu ya kwato, husogezwa mbele taratibu, chini chini, hadi mkono unapohisi ukinzani wa kwanza, na hapo hukaa sekunde 20 hivi. Mguu wa nyuma hupelekwa mbele kuelekea kwato ya mbele, kisha nyuma. Msiupeleke nje kwa upande, kwa sababu viungo vyake havikuumbwa kwa mwendo huo. Akiuvuta mguu, mwachilieni. Asiye na uzoefu aonyeshwe kwanza na daktari wa mifugo.

Nimpoze namna gani, na je, maji baridi humdhuru?

Tembezeni dakika 10 au zaidi, mkanda ukiwa umelegezwa kidogo, hadi pumzi itulie. Mapigo ya moyo ya farasi aliyepumzika ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yapimeni kwenye mshipa ulio chini ya taya, na baada ya kazi ya kawaida yanapaswa kushuka chini ya 60 ndani ya dakika 15 hivi.

Wazo kwamba maji baridi huikaza misuli yenye joto ni la zamani na halina msingi. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, watafiti walilichunguza jambo hilo na kuona kwamba maji baridi hushusha joto la farasi haraka bila kuidhuru misuli. Mwagieni mwili mzima mfululizo. Anywe pia.

Ni dalili gani zinanitaka nisimame na kumwita daktari?

Farasi akikataa kutembea, misuli ya nyonga ikiwa migumu, akitetemeka, akitokwa jasho jingi kupita kazi aliyofanya au akikojoa mkojo wa rangi ya kahawa, msidhani ni uchovu tu. Huenda misuli yake inaharibika, na hali hii huwapata hasa farasi waliopumzishwa siku moja au mbili huku wakiendelea kulishwa nafaka nyingi. Hapo kumtembeza au kumnyoosha huongeza madhara. Shukeni, mtoeni tandiko, asimame palepale apewe maji, nafaka iondolewe, na daktari aitwe mara moja.