Bei ya kushindwa: kwa nini kampuni za magari zinajazana Le Mans

Mwezi uliopita pikapu moja ya dizeli ilivutwa hadi karakana yangu, Industrial Area, ikitokea upande wa Mai Mahiu. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa na fundi wa njiani kwamba turbo imekufa na kwamba ajitayarishe kununua nyingine. Nilipofungua boneti na kupitisha mkono chini ya paipu inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye intakula, yaani kipoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, nilikuta klampu imelegea na mpira umechomoka nusu, upepo wote ukipotelea nje kabla ya kuifikia injini. Turbo yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Kijana wangu alipokuwa akikaza klampu mpya, nilimweleza mteja kwamba kasoro ya ukoo huohuo ndiyo iliyowanyang'anya Toyota ushindi wa Le Mans, zile mbio za magari za saa 24 kule Ufaransa, mwaka 2016, zikiwa zimebaki kama dakika tatu tu saa 24 zitimie. Alicheka, akidhani namtania, kisha akauliza: “Sasa fundi, kampuni kubwa namna hiyo inafuata nini huko? Si wangekwenda tu Formula 1 kama wenzao?”

Walikwenda. Kisa chao kinatugusa sisi wa Nairobi kuliko watu wengi wanavyojua, kwa sababu kinaanzia kwenye vumbi letu. Ove Andersson, Msweden ambaye wazee wetu wanamkumbuka kwa kushinda Safari Rally ya 1975 akiwa na Peugeot 504, ndiye aliyeanzisha timu iliyokuja kuitwa Toyota Team Europe, yenye makao yake mjini Cologne, Ujerumani. Timu hiyo ndiyo iliyoleta Celica zilizoshinda Safari mara tatu mfululizo, mwaka 1984, 1985 na 1986. Baadaye karakana hiyohiyo ya Cologne iliunda gari la GT-One lililokimbia Le Mans mwaka 1998 na 1999, na mwaka 2002 ikaingia mbio za Langalanga, yaani Formula 1, Andersson akiwa kiongozi wake wa kwanza. Walikaa huko misimu minane bila kushinda hata mbio moja, wakaondoka mwishoni mwa 2009. Mwaka 2012 walirudi kwenye mbio za ustahimilivu, yaani zile za saa nyingi kama Le Mans, na kuanzia 2018 hadi 2022 walishinda Le Mans mara tano mfululizo.

Kwa hiyo tuna nyumba moja na mwenye pesa mmoja, katika michezo mitatu iliyoipa matokeo yasiyofanana hata kidogo. Mtu anaweza kusema kwamba Langalanga ni ngumu zaidi, na hatakuwa amekosea, ingawa jibu hilo halitufikishi mbali. Mimi nadhani jambo la kutazama ni bei ya kushindwa: kampuni inapokwenda mashindanoni na isishinde, inalipa nini machoni pa watu wanaonunua magari yake?

Kwenye Langalanga bei hiyo ni kubwa mno. Msimu una mbio zaidi ya 20, kila moja ya takriban kilomita 305, na kila baada ya wiki moja au mbili jedwali linatangazia ulimwengu mzima kwamba wewe ni wa tano. Hakuna anayekupongeza kwa kumaliza. Chesi, yaani kiunzi cha gari, ni lazima uiunde mwenyewe, na ukiwa na injini ya wengine nyuma yake, sifa ya ushindi utagawana nao. Ni kweli kwamba tangu 2021 kuna kikomo cha matumizi, kilichoanza na dola milioni 145 kwa timu kwa mwaka, lakini mishahara ya madereva haihesabiwi humo, wala gharama za matangazo, na injini nazo zina hesabu zake. Kikomo hicho kimepunguza hasara ya kushindwa, lakini aibu yake iko palepale.

Le Mans ni mbio moja kwa mwaka ambayo kila mtu anaijua, ndani ya msimu wa mbio chache ambazo wengi hawazifuatilii. Katika saa 24 gari linalokwenda vizuri linaweza kupita kilomita 5,000, ambazo ni takriban sawa na Safari ya zamani nzima, ile ya miaka ya sabini na themanini iliyozunguka nchi kwa siku kadhaa. Katika umbali huo kufika ni habari inayojitosheleza. Toyota ile ya 2016, ikiendeshwa na Kazuki Nakajima, ilizimika nguvu na kusimama mbele ya jukwaa kuu, Porsche ikaipita. Kampuni ilieleza baadaye kwamba kiunganishi cha paipu ya hewa kati ya turbo na intakula ndicho kilichoharibika. Kwa kuwa mzunguko wa mwisho ulichukua muda mrefu kupita unaoruhusiwa, gari hilo halikuwekwa hata kwenye orodha ya waliomaliza. Pamoja na hayo, hata Porsche walioshinda walitangaza hadharani kwamba wanawaheshimu, na mpaka leo watu huwataja Toyota wa mwaka ule kwa upole ambao sijapata kuusikia ukitumika kwa Toyota wa Langalanga.

Sababu ya pili ni ya kanuni, na hapa ndipo penye utamu kwa sisi tunaoshika spana. Tangu 2021 daraja la juu linaitwa Hypercar, nalo lina milango miwili. Kupitia mlango wa kwanza, kampuni huunda gari lote yenyewe, kama walivyofanya Ferrari, Toyota, Peugeot na Aston Martin. Kupitia mlango wa pili, unaoitwa LMDh, kampuni huchukua chesi kutoka kwa mmoja wa wauzaji wanne walioidhinishwa, ambao ni Dallara, Oreca, Ligier na Multimatic, pamoja na mota ya umeme ya Bosch, betri na giaboksi ambazo wote wanazitumia sawasawa. Kinachobaki kuwa chako ni injini na sura ya bodi. BMW na Cadillac walikwenda kwa Dallara, Porsche kwa Multimatic, Alpine kwa Oreca. Mtu wa maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road angeelewa mpango huu mara moja: vile vitu vya ndani visivyoonekana vinanunuliwa tayari, na pesa zinawekwa pale ambapo mteja ataona na kusikia. Zaidi ya hayo, gari hilohilo linaruhusiwa kukimbia mbio za Daytona na Sebring kule Marekani, soko ambalo hakuna kampuni ya magari ya kifahari inayoweza kulipuuza.

Lakini mtu atauliza: ikiwa yule ameunda gari zima na huyu amenunua nusu yake, watashindanaje kwa haki? Jibu ni utaratibu wa kusawazisha uwezo, ambao ni rahisi kuueleza kwa yeyote aliyewahi kukaa Jumapili pale Ngong Racecourse. Farasi anayejulikana kuwa na mbio huwekewa uzito wa ziada chini ya tandiko ili wote wakaribiane kwenye mstari wa mwisho. Kwa magari ya Hypercar, wasimamizi hutoa jedwali linaloelekeza uzito wa chini wa kila gari, ambao kikanuni huanzia kilo 1,030, nguvu inayoruhusiwa, ambayo huzunguka kilowati 500, na kiasi cha nishati ambacho gari linaweza kutumia kabla ya kuingia piti, pale linapojazwa mafuta. Gari likionekana kuwazidi wengine mno, jedwali linalofuata hulibana.

Utaratibu huu ndio uliozijaza barabara za Le Mans. Mwaka 2025 kampuni nane zilikuwa na magari kwenye daraja la juu la ubingwa wa dunia wa mbio za ustahimilivu, idadi ambayo miaka saba kabla yake ingeonekana ndoto, kwani baada ya Audi kuondoka mwishoni mwa 2016 na Porsche mwaka mmoja baadaye, Toyota walibaki kushindana na timu binafsi. Mwaka 2024 Ferrari iliishinda Toyota kwa sekunde 14 tu baada ya saa 24, na magari tisa yalimaliza yakiwa kwenye mzunguko mmoja. Kwa macho ni raha tupu. Kwa mhandisi ni jambo la kutiliwa shaka kidogo, na sioni sababu ya kulificha: ninapotazama gari likishinda, siwezi kujua kwa hakika ni kiasi gani kimetokana na kazi ya mafundi na ni kiasi gani kimetokana na jedwali. Kanuni zenyewe zinazikataza timu kuuzungumzia usawazishaji huo hadharani, jambo linaloonyesha kwamba hata wasimamizi wanajua palipo na kidonda. Hata hivyo, kwa mkurugenzi anayesimama mbele ya bodi kuomba fedha, jedwali hilo ni kama bima, maana hakuna mpinzani atakayetumia pesa mara tatu yake na kumwacha mbali kwa miaka mitano.

Ninachokipenda zaidi kwenye mbio hizi, na ambacho Langalanga haiwezi kunipa, ni heshima wanayopewa watu wa kutengeneza. Audi R8, iliyoshinda kwa mara ya kwanza mwaka 2000, iliundwa ili sehemu yote ya nyuma, giaboksi pamoja na saspensheni yake, iweze kutolewa kama kipande kimoja na nyingine kuwekwa kwa dakika chache, wakati mbio zinaendelea. Mimi nimewahi kushusha giaboksi usiku, kandokando ya barabara ya vumbi, kwenye mashindano yetu ya kitaifa ya rali. Tochi nilikuwa nimeibana kwa meno, na mafuta ya moto yalikuwa yakinichuruzikia hadi kwenye kiwiko. Kwa hiyo ninajua ni akili ya namna gani inayokaa mezani miaka miwili kabla na kujiuliza bolti ile itafikiwa na mkono wa nani, saa ngapi. Kwenye Langalanga giaboksi ikivunjika katikati ya mbio, dereva anashuka na kwenda kuoga.

Kuhusu rali nitasema machache, maana hapa nyumbani hayahitaji maelezo marefu. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota wameshinda kila mara hadi 2025, na mwaka 2022 na 2023 walichukua nafasi zote nne za mwanzo. Lakini wapinzani wa daraja la juu katika miaka hiyo walikuwa wawili tu, Hyundai na Ford za timu ya M-Sport, na sifa ya kuwapiga wawili ina mwisho wake.

Kuna biashara nyingine ambayo haitangazwi sana. Chini ya Hypercar kuna magari ya GT3, yanayotokana na yale ya dukani, ambayo kampuni huyauza kwa timu binafsi pamoja na vipuri na huduma zake. Porsche, hata mwaka ambao haijashinda, bado inauza bampa, breki na injini zilizofanyiwa ukarabati kwa wateja wa nchi nyingi. Langalanga haina duka la namna hiyo.

Sasa, ikiwa bei ya kushindwa ni nafuu namna hii, mbona kuna wanaoondoka? Audi ndiyo mfano ninaoupenda. Walishinda Le Mans mara 13 kati ya 2000 na 2014, wakatangaza kwamba watarudi na gari la LMDh, wakausimamisha mpango huo mapema 2022, na Agosti mwaka huohuo wakatangaza kuingia Langalanga kuanzia 2026. Kwangu hesabu yao inaeleweka. Ushindi wa 14 usingemshangaza mtu, na kushindwa kwa mtu mwenye 13 kungekuwa na bei ambayo Peugeot au Alpine hawailipi. Ferrari ilikuwa na hesabu ya kinyume: ilikuwa nje ya daraja la juu kwa miaka 50, ilitangaza kurudi Februari 2021, mwaka uleule kikomo cha matumizi cha Langalanga kilipoanza, na ikashinda 2023, 2024 na 2025. Sidhani mambo hayo mawili kuangukia mwaka mmoja ilikuwa sadfa, kwani wahandisi waliozidi kikomo upande mmoja walihitaji kazi upande mwingine.

Porsche, yenye ushindi 19, ilitangaza Oktoba 2025 kwamba inaondoa gari lake la LMDh, 963, kwenye ubingwa wa dunia huku ikiendelea nayo Marekani. Hapo ndipo udhaifu wa mlango wa LMDh unapoonekana. Asiyeingia kwa gharama kubwa hafungwi na kitu, na siku wakubwa wakikata bajeti anaondoka bila kubomoa kiwanda. Ndiyo sababu siwezi kuapa kwamba umati huu utakuwepo miaka mitano ijayo, ingawa Genesis wanaanza 2026, na McLaren na Ford wametangaza kuingia 2027.

Mteja wangu alisikiliza yote hayo akiwa amekalia tairi kuukuu, akainuka pikapu ilipowaka na kuvuta pumzi yake sawasawa. Aliuliza kama klampu ile ingeweza kulegea tena kwenye ile miteremko. Nikamwambia inawezekana. Akalipia mbili, moja akaiweka kwenye droo ya dashibodi pamoja na bisibisi, akaondoka.