Nyekundu ya redio siyo nyekundu ya gari: uongo tunaoambiana kuhusu kufunga redio mpya kwenye deshibodi

Kitu kinachoniuma kwenye hii kazi ya kutoa redio iliyokuja na gari na kuweka nyingine ni kwamba magari mengi hayaharibiwi na redio, yanaharibiwa na maneno. Mtu kasikia kwa mtu, naye alisikia kwa mwingine, alafu siku moja anakaa na plaisi mkononi mbele ya deshibodi iliyofunguliwa na ana uhakika wote duniani. Ngoja tuyapitie.

"Waya ni rangi tu, unganisha nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi"

Naanza na hii mana ndo mama wa matatizo yote. Redio za dukani karibu zote nyuma zina rangi zinazofanana: njano ni moto wa betri wa muda wote, nyekundu ni moto unaokuja ukizungusha ufunguo mpaka ACC (ile hatua ya redio kabla injini haijawaka), nyeusi ni ethi, yani hasi inayokwenda kwenye bodi, nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila ile yenye mstari mweusi ni hasi ya spika yake. Mtu akishazikariri hizo anaamini na gari limefuata hivohivo. Halijafuata, kila kampuni ya magari ina rangi zake.

Chukua Toyota nyingi. Pale kwenye plagi ya kiwandani moto wa muda wote ni waya ya bluu yenye mstari wa njano, ACC ni kijivu, ethi ni kahawia, taa ya deshibodi ni kijani. Na nyekundu ipo, nyeusi ipo, njano ipo, ila zote tatu ni za spika za nyuma! Nyekundu ni chanya ya kulia, nyeusi ni chanya ya kushoto, njano ni hasi ya hiyo hiyo ya kushoto. Sasa ukiunganisha rangi kwa rangi redio haiwaki kabisa, unairudisha dukani unasema ni mbovu kumbe haijapata hata tone la moto. Hapo umepona. Mbaya zaidi ni kijivu kwa kijivu, mana kijivu ya gari ni moto wa volti 12 na kijivu ya redio ni mlango wa kutokea sauti, yani unaisukumia moto amplifaya ya ndani kupitia mlango wa nyuma, na hiyo ikishaungua ndo basi tena. Kijani nayo inakusubiri mpaka usiku utakapowasha taa.

Kinachosema ukweli ni mita ya kupimia umeme, siyo macho. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), ncha nyeusi ishike kwenye chuma tupu cha bodi pasipo na rangi, ncha nyekundu pitisha tundu moja moja kwenye plagi ya gari. Ufunguo umezimwa na mita inasoma 12 na kitu, huo ni moto wa muda wote. Haisomi kitu, ukizungusha ufunguo mpaka ACC inaruka kwenye 12, hiyo ndo ACC. Inayopata moto ukiwasha taa ndogo ni ya mwanga wa deshibodi. Spika unazitafuta kwa betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, redio ikiwa imechomolewa na gari likiwa halina amplifaya yake: gusa waya mbili kwa sekunde moja utasikia "kwap" kwenye mlango mmoja, na kama unaweza kuiona koni yenyewe, ile sehemu ya spika inayotikisika, ikisukumwa nje basi upande wa chanya ya betri ndo chanya ya spika. Ni kazi ya robo saa. Ukigeuza chanya na hasi kwa spika moja tu hakuna kitu kitaungua, ila besi inapotea mana koni moja inasukuma wakati mwenzie anavuta, na hapo ndo watu wanaanza kulaumu spika za watu.

"Kata tu hiyo plagi ya kiwandani, haina kazi tena"

Ina kazi. Hapa nasema kwa moyo wote, usikate. Kuna soketi za kubadilishia, upande mmoja unaingia kwenye plagi ya gari lako upande mwingine una waya za kuunganisha na redio mpya. Kazi yote ya kuunga unaifanyia mezani kwenye mwanga, ndani ya gari unachomeka tu. Siku unataka kuuza gari au redio imekufa unachomoa unarudisha ya zamani kwa dakika kumi. Ukishakata, aliyekuja baada yako anakuta waya kumi na kitu za urefu tofauti, nyingine zimeliwa mpaka ndani huko hazishikiki, na hana pa kuanzia.

Na tepu peke yake siyo kiungo, jamani. Deshibodi juani inapata joto kali, gundi ya tepu inalainika, tepu inateleza, alafu waya zilizosokotwa kwa mkono zinatikisika na barabara kila siku mpaka moja inagusa mwenzie. Tumia vile vibano vya kubana kwa plaisi yake au piga solda, halafu funika na mpira ule unaosinyaa kwa moto. Tepu iwe ya kufungia fungu la waya lisigongegonge, basi.

"Unganisha njano na nyekundu pamoja, redio itapiga hata bila ufunguo"

Shemeji yangu aliniletea gari lake linalogoma kuwaka asubuhi, siyo kila siku, ila likilala siku tatu tu linakuwa limekufa. Alishabadilisha betri mara mbili. Altaneta ikapimwa iko sawa. Nilichofanya ni kuchomoa hasi ya betri na kuweka mita katikati, waya ya mita kwenye lile tundu la ampea 10, gari limefungwa, tukasubiri kama nusu saa kompyuta za gari zilale (na ukifanya hivi usije ukapiga stata, mita inaungua hapo hapo). Ikasoma ampea 0.4 na haishuki. Gari lililolala vizuri kawaida linatakiwa liwe chini ya 0.05. Nikachomoa fyuzi ya redio, ikashuka. Tukatoa redio, nyuma tukakuta njano na nyekundu zimesokotwa pamoja zote kwenye moto wa muda wote.

Piga hesabu: 0.4 mara saa 24 ni karibu ampea-saa 10 kwa siku, betri ya ampea-saa 45 inabaki na nini baada ya siku tatu? Redio ilikuwa imezimwa kwa kitufe ndio, lakini nyekundu ndo waya inayoiambia redio "gari limezimwa, lala". Kama nyekundu haizimi redio hailali, na hizi za Android ndo zaidi mana ndani ni kompyuta nzima. Ukifanya kinyume, zote mbili kwenye ACC, betri itapona ila kila ukizima gari redio inasahau saa na stesheni zote. Kila waya ina kazi yake. Tukatenganisha, nyekundu ikaenda ACC, na hilo gari likaacha kugoma.

"Imeandikwa wati 50 mara 4, ina nguvu kuliko ile ya kiwandani"

Hii namba nayo ina maelezo yake. Redio inakula umeme wa gari ambao injini ikiwa inawaka ni kama volti 14.4, na spika nyingi ni omu 4. Chukua 14.4 mara 14.4 gawa kwa 4 unapata karibu 52. Ndo hiyo 50 yao, ila hiyo ni pale amplifaya imesukumwa mpaka mwisho kabisa, sauti imepasuka na mawimbi yamekatwa kichwa. Kwa wimbi safi hesabu hiyohiyo inakupa nusu yake, 26 hivi, na bado hujatoa kinachopotea ndani ya chipu. Ndo mana ukifungua kitabu cha redio ukaangalia penye RMS, yani wati za kweli za muda wote, unakuta kati ya 14 na 22. Redio mpya inaweza kusikika vizuri zaidi kweli, kwa sababu ina ekwalaiza nzuri na njia za kutolea sauti kwenda amplifaya ya nje, siyo kwa sababu ya hiyo 50. Ukubwa wa skrini nao hauna uhusiano wowote na sauti.

Na hapohapo kuna ile tabia ya kuchukua hasi zote za spika na kuzifunga pamoja kwenye bodi ya gari, wanasema eti hasi ni hasi. Kwenye redio za sasa hasi ya spika siyo ethi, ni tokeo la amplifaya kama ilivyo chanya, zote mbili zinasukuma. Ukiifunga kwenye bodi umepiga shoti amplifaya. Iache spika na waya zake mbili.

"Double DIN inaingia gari lolote lenye tundu kubwa"

DIN ni kipimo cha uso wa redio kilichotoka kwenye taasisi ya viwango ya Ujerumani: upana milimita 180 kimo 50, na double ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu la 200 kwa 100, kwa hiyo ukiweka redio ya 180 inabaki nafasi ya milimita 10 kila upande. Siyo kosa la redio wala la gari, zipo redio za 200 na zipo vipande vya kuziba pembeni. Magari mengine hayana tundu la mraba kabisa, paneli nzima ina umbo lake na vitufe vya AC humohumo, hapo unatafuta fremu iliyotengenezwa kwa gari hilo na mwaka huo. Kuchonga deshibodi kwa kisu cha moto ili redio iingie ni kuharibu kitu ambacho hakirudi. Pima na kina pia, mana nyuma kuna mabomba ya hewa na zile plagi zenyewe zinakula nafasi.

"Vitufe vya usukani vinakufa ukibadilisha redio"

Vinakufa ukiviacha. Kwenye magari mengi ya zamani kidogo vile vitufe ni rezista tu, kila kitufe kina omu zake, waya moja au mbili zinakuja mpaka kwenye plagi, unaziunga kwenye KEY1 na KEY2 za redio alafu unaifundisha kwenye settings, bonyeza kitufe, chagua kazi, imeisha. Kwenye magari mapya habari ni nyingine, vitufe vinaongea kwa CAN, yani ujumbe wa kidijitali kwenye waya mbili zilizosokotana zinazotumiwa na kompyuta za gari zima. Kuna magari hata waya ya ACC haipo pale nyuma ya redio, taarifa kwamba ufunguo umewashwa inakuja kama ujumbe. Hapo unahitaji kile kiboksi cha CAN cha gari lako, na usije ukaunga chochote kwenye hizo waya mbili kwa kubahatisha, mana mlio wa mkanda, sensa za rivasi, mipangilio ya AC, vyote vinaweza kuwa vinapita humo au kwenye redio yenyewe. Kwa magari ya namna hiyo, kama huna hicho kiboksi, bora ubaki na redio yako.

"FM imekuwa mbovu, redio ni feki"

Mara nyingi ni ile waya ya bluu haijaungwa. Magari mengi yana kikuza mawimbi kwenye antena na kinahitaji volti 12 kutoka kwenye redio, bila hiyo unabaki na mkwaruzo. Ya bluu yenye mstari mweupe ni ya kuwasha amplifaya, na kama gari lako lina amplifaya ya kiwandani ukiisahau hiyo redio inawaka vizuri, skrini inapendeza, sauti hakuna.

Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kuna na hili: FM ya kule inaanzia megahezi 76 mpaka 90, baadaye wakasogeza mpaka 95, kwa hiyo watu wanaweka kile kidude kwenye waya ya antena kinachoshusha stesheni ili redio ya Kijapani izipate. Ukiweka redio mpya inayofika 108 ukakiacha, stesheni zinatokea pasipo pake, kama kinashusha kwa 14 basi ya 102 unaikuta kwenye 88. Kitoe.

"Fyuzi inakata kila siku, weka kubwa"

Hapana. Fyuzi inailinda waya. Ukitoa ya 10 ukaweka ya 30, kitakachoungua badala ya fyuzi ni waya yenyewe, ndani ya deshibodi, na umekaa humo na watoto. Mara nyingi inakata kwa sababu kuna shoti mahali, itafute.

Na kabla ya kugusa chochote chomoa hasi ya betri (unairudisha wakati wa kupima moto tu) usubiri dakika kadhaa, mana eabegi ina akiba ya umeme hata betri ikitoka. Plagi zake kawaida ni za njano, hizo usizipime kwa mita wala usizichomoe kwa kujaribu. Kama redio ya zamani ina kodi, yani namba ya siri ya kuifungulia, itafute kabla hujachomoa betri.

Ukimaliza kuunga usiirudishe ndani kwanza. Iache inaning'inia kwenye waya zake, rudisha hasi ya betri, washa gari, jaribu spika moja moja kwa balansi (kushoto na kulia) na feda (mbele na nyuma), taa, gia ya rivasi, hazadi, AC, zima, toa ufunguo uone kama inalala. Ndo uisukume. Ikigoma kuingia sentimita mbili za mwisho usitumie nguvu, itoe tena, fungu la waya limekaa nyuma yake, lishushe chini kwenye ile nafasi iliyo wazi halafu ijaribu upya, itaingia kwa vidole viwili.