Karakana za vyombo vya utafiti wa bahari: dhana potofu na ukweli

Picha za utafiti wa bahari zinazosambaa mitandaoni ni zilezile: roboti ya manjano, samaki mwenye taa kichwani, meli kubwa. Karakana iliyoiunda roboti hiyo haionekani, na huko ndiko kazi kubwa inakofanyika.

Dhana: Mwanasayansi hubuni, kiwanda hutengeneza, basi.

Chombo cha bahari huzaliwa polepole, kwa kuingia majini na kurudi mezani mara nyingi. Mwaka 1987 David Packard, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard, alianzisha taasisi ya utafiti wa bahari ya MBARI kwenye Ghuba ya Monterey, California. Alitaka wanasayansi, wahandisi na mabaharia wafanye kazi bega kwa bega, pasiwe na mkubwa wa kumwagiza mwenzake. Hata mahali palichaguliwa kwa akili. Taasisi iko Moss Landing, na korongo kuu la chini ya bahari linaanzia karibu kabisa na ufukwe. Meli haihitaji siku nzima kufika kwenye kina kirefu, kwa hiyo kifaa kilichogoma asubuhi kinaweza kuwa mikononi mwa fundi jioni.

Dhana: Kinachoshinda kina cha bahari ni chuma kinene.

Kila ukishuka mita 10, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 4,000, kila sentimita moja ya mraba inabebeshwa takribani kilo 400. Ungeziba kila kitu kwa chuma, chombo kingezama na kisipande tena. Wahandisi hupita njia nyingine: mota na nyaya hutumbukizwa ndani ya mafuta ili mgandamizo wa ndani ulingane na wa nje, na chombo huelea kwa povu gumu lililojazwa vitufe vidogo mno vya kioo. Ganda zito, mara nyingi la metali ya titani, hubaki kwa vile tu visivyovumilia mgandamizo, kama kamera, kompyuta na binadamu.

Halafu kuna oringi, ule mpira mwembamba wa duara unaoziba kifuniko. Fundi huufuta, huukagua kwenye mwanga, huupaka grisi kidogo sana, kisha hupitisha kidole kwenye mfereji wake kutafuta mchanga. Unywele mmoja ukibaki hapo, maji yatapenya. Ndiyo maana karakana za aina hii huwa na chemba ya mgandamizo: kifaa hufungiwa humo na kubanwa kama kiko kilindini, kabla hakijagusa bahari.

Dhana: Alvin, nyambizi ya utafiti ya Marekani inayobeba watu, ni ileile tangu 1964.

Jina ndilo lililobaki. Mafundi wa taasisi ya bahari ya Woods Hole, Massachusetts, Marekani, huifumua yote kila baada ya miaka kadhaa. Tufe la chuma wanamokaa watu lilibadilishwa kuwa la titani mwaka 1973, na tufe jingine likaja baadaye. Tangu 2022 inaruhusiwa kushuka hadi mita 6,500.

Dhana: Roboti ya majini huongozwa kwa redio, kama ndege isiyo na rubani.

Mawimbi ya redio hufifia upesi mno kwenye maji ya chumvi, na GPS haifiki huko. Roboti hufungwa kebo au huwasiliana kwa sauti, inayosafiri majini takribani mita 1,500 kwa sekunde.

Dhana: Tukipata meli na vifaa vya kisasa, tumemaliza.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu tunaisikia hata hapa kwetu. Kihisi cha chumvi au joto kikikaa baharini huota mwani na chaza wadogo, na vipimo vyake huanza kupotoka taratibu bila kutoa dalili yoyote. Namba zinaendelea kuja, nzuri kwa macho, lakini si za kweli. Dawa yake ni uhakiki wa vipimo kabla ya safari na baada yake, yaani kukijaribu kihisi kwenye maji ambayo joto na chumvi yake vinajulikana.

Afrika Mashariki ina mchango wa kweli katika elimu hii. Vituo vya kupima kujaa na kupwa kwa maji vya Zanzibar na Lamu vilinasa tsunami ya Desemba 2004 ilipofika pwani yetu. Kenya ina meli ya utafiti, RV Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji. Na fundi anayefungua pampu za injini za boti kule Mombasa tayari anaijua oringi na grisi kwa vidole vyake. Kwa maoni yangu, kila bajeti ya kununua kifaa cha bahari ingetenga fungu la karakana tangu siku ya kwanza: tangi la maji ya chumvi, beseni la maji yenye joto linalodhibitiwa, sampuli za maji ambazo chumvi yake inajulikana kwa hakika, na mafundi wawili watatu wa kudumu, wenye mshahara usiokoma mradi unapoisha.