Je, wajua mashabiki wa Westworld walivyoijua siri ya William wiki nane kabla haijafichuliwa?

Nyusi ndizo zilizomfumbua macho Jimmi Simpson. Alikuwa amepewa nafasi ya William, kijana mpole wa mjini, katika tamthilia ya Westworld ya HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, na watunzi hawakumwambia huyo William ataishia wapi. Akiwa kwenye kiti cha kupambwa, akaona nyusi zake zinashughulikiwa kupita kawaida, kana kwamba kuna uso mwingine unaofuatishwa. Uso wa nani? Akapiga hesabu zake, akalipata jibu: Ed Harris, mzee aliyekuwa akiigiza katili wa tamthilia hiyohiyo.

Mashabiki hawakuwa na kiti hicho. Walikuwa na televisheni tu, na kitufe cha kusimamisha picha. Lakini siku chache baada ya sehemu ya pili kuonyeshwa, Oktoba 2016, wapo waliokwisha kuandika kwenye mtandao wa Reddit kwamba William na yule mzee mwenye kofia nyeusi ni mtu mmoja, na kwamba tunachokitazama ni hadithi mbili zilizoachana kwa miaka kama 30. Tamthilia yenyewe ilikiri tarehe 4 Desemba, katika sehemu ya kumi, ya mwisho ya msimu. Wiki nane nzima siri ilikuwa inatembea mchana kweupe.

Mimi sikuiona. Nilikopiwa msimu mzima kwenye flashi, nikautazama kwa usiku tatu, na siri ilipotoka nikabaki mdomo wazi. Nitarudi kwenye hiyo flashi, kwa maana nayo ni sehemu ya jibu. Kama hujaitazama Westworld na unapanga kuitazama, ishia hapa. Kuanzia aya ijayo mtama unamwagwa kwenye kuku wengi.

Tamthilia hii imetokana na filamu ya mwaka 1973 ya Michael Crichton, na walioiunda upya ni Jonathan Nolan na mkewe Lisa Joy. Kuna bustani kubwa ya starehe iliyotengenezwa kama Marekani ya makauboi. Matajiri wanalipa kuingia, na ndani wanakuta watu wanaofanana nao kwa kila kitu, ila ni roboti. Wanaolipa wanaitwa wageni, roboti wanaitwa wenyeji. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mambo ni kinyume: mgeni anakuja, mwenyeji anauawa, anabakwa, anachomwa moto kwa burudani, kisha usiku mafundi wanamshona, wanamfuta kumbukumbu, na asubuhi anaamka kitandani kwake akitabasamu.

Mwenyeji mkuu ni Dolores, binti wa mfugaji. Tunamwona akiwa na William, aliyekuja bustanini mara ya kwanza na shemeji yake mtarajiwa, Logan, na anayempenda Dolores kwa dhati. Pia tunamwona akiteswa na mzee asiye na jina, mwenye nguo nyeusi, mgeni wa miaka 30 aliyechoka na kila kitu. Nitamwita Mvaa Nyeusi. Hadithi hizi zinapishana kama magari barabarani, na mtazamaji anadhani zinatokea wiki ileile.

Kilichowawezesha watunzi kutudanganya hivyo ni jambo dogo: roboti hazeeki. Katika filamu ya kawaida uso wa mwigizaji ndio kalenda yetu. Mvi zikitokea, tunajua miaka imepita. Dolores ana uso uleule leo na miaka 30 iliyopita, gauni lilelile la buluu, na mtaani Sweetwater, mji wa humo bustanini, anadondosha kopo la maziwa lilelile. Katika sehemu ya kwanza analiokota Teddy, mwenyeji mwenzake. Katika sehemu ya pili analiokota William. Hakuna cha kukuambia ni siku gani.

Kisha kuna suala la kumbukumbu. Fundi mmoja, Felix, anamweleza Maeve, mwenyeji anayeendesha danguro la mjini, kwamba binadamu hukumbuka kwa ukungu, lakini mwenyeji akikumbuka anaishi tukio upya, zima zima, pasipo kujua kama ni sasa au zamani. Maneno hayo yanatoka katika sehemu ya nane. Ukiyasikia, unaelewa kwa nini wahariri wa picha hawakuhitaji kutia ukungu wala kubadili rangi ili kuonyesha yaliyopita. Tulikuwa tumekaa ndani ya kichwa cha Dolores tangu mwanzo, na kichwani mwake hakuna jana.

Sasa, waliong'amua waling'amuaje?

Wa kwanza kusaliti alikuwa nembo. Ile W ya bustani inayoonekana William anapofika haikuchorwa kama ile iliyomo kwenye ofisi za kina Bernard, wanaosimamia roboti. Mtu anayebuni nembo kwa riziki yake hawezi kuacha kuiona tofauti hiyo. Mimi ningeitazama mara mia nisiione. Hapa ndipo wingi wa watu unapofanya kazi. Miongoni mwa maelfu ya watazamaji lazima awepo mchora nembo, awepo mpiga piano, awepo aliyesoma filamu ya 1973 neno kwa neno. Kila mmoja analeta punje yake, na kufikia Jumatano kapu limejaa.

Wa pili ni Lawrence, na huyu ndiye ninayempenda zaidi, kwa kuwa watunzi walimweka hadharani kabisa. Katika sehemu ya tano Mvaa Nyeusi anamkata koo Lawrence, jambazi aliyekuwa akimburuta kwa kamba, na kumtoa damu ili kumwokoa Teddy. Lawrence amekufa, tumeona. Muda si mrefu, katika sehemu hiyohiyo, William na Dolores wanafika mji mwingine kukutana na mkuu wa wahalifu anayeitwa El Lazo. Anageuka, ni Lawrence. Yuko mzima, amevaa vizuri, hana hata alama shingoni.

Wanaopinga nadharia wakasema ameshonwa na kurudishwa kazini. Wanaoiunga mkono wakauliza: ameshonwa saa ngapi, na nani kamsafirisha? Waliopiga hesabu za muda waliona hazikubali. Hazikubali isipokuwa kama El Lazo ni kazi aliyokuwa nayo zamani, kabla hajapewa ya kuburutwa kwa kamba.

Ya tatu ni picha. Katika sehemu ya kwanza kabisa, baba wa Dolores anaokota kwenye udongo wa shamba lake picha ya mwanamke wa kisasa aliyesimama katikati ya jiji lenye taa. Picha hiyo inamharibu akili mzee wa watu. Katika sehemu ya tisa Logan anamwonyesha William picha ya mchumba wake, dada yake Logan. Ni ileile. Kama William yupo bustanini leo, picha yake imefikaje shambani na kuchakaa udongoni kabla yeye hajaja?

Kuna dalili ya nne ambayo haimo ndani ya hadithi, na naamini ndiyo iliyowaamsha wengi. Ed Harris ni mwigizaji mkubwa, na sehemu baada ya sehemu mtu anayemwigiza hapewi jina. Watunzi hawamnyimi mtu jina bure. Asiye na jina katika hadithi ya aina hii ana jina ambalo tayari umeshalisikia likiitwa kwa mtu mwingine. Ukishafika hapo unabaki kuwahesabu wanaume wa tamthilia kwa vidole, na hawajazi mkono.

Kwetu mchezo huu si mgeni. Anayetega kitendawili anajua kuwa jibu lazima liwemo ndani ya maneno yake. Nyumba yangu haina mlango: yai. Nyumba imo, ukosefu wa mlango umo, kilichofichwa ni kiungo tu. Akitega kitu ambacho hakuna awezaye kukifikia, wasikilizaji watamzomea hata akipewa mji. Nolan na Joy walitega kihalali, na kitendawili cha halali kikitegwa mbele ya maelfu, mmoja wao atategua. Tena watazamaji hawakupewa dakika moja ya kufikiri, walipewa siku saba kati ya sehemu na sehemu. Siku saba za kurudisha nyuma, kusimamisha, kubishana na kulala juu ya jambo. Mimi na flashi yangu nilipata sekunde kumi na tano, kisha sehemu inayofuata ikaanza yenyewe.

Tusiwavishe mashabiki kilemba cha ukoka, hata hivyo. Wiki zilezile palikuwa na waliodai kwa uhakika mkubwa kwamba bustani ipo kwenye sayari ya Mirihi, wengine kwamba ipo chini ya ardhi, wengine kwamba mzee Ford, mwanzilishi anayeigizwa na Anthony Hopkins, naye ni roboti. Hizo zilianguka na hakuna anayejisifu nazo leo. Tunaikumbuka iliyolenga, na zilizokosa zinaenda na upepo, kama kwa mganga.

Ila moja zaidi ililenga, nayo kwa ufundi inaizidi ya William. Inamhusu Bernard, msaidizi wa Ford. Katika sehemu ya tatu Ford anamwonyesha picha ya kale anaposimulia habari za Arnold, mwenzake waliyeanzisha naye bustani, ambaye alikufa. Tunaona wanaume wawili, na upande wa kulia pengo. Tunadhani mmoja ni Arnold. Katika sehemu ya saba bosi mmoja, Theresa, anasimama katika nyumba ya siri na kumuuliza Bernard, nyuma ya mlango huu kuna nini? Bernard anajibu: mlango upi? Mlango upo, sote tunauona. Yeye hauoni, kwa sababu ni mwenyeji, na wenyeji wameundwa wasione wasichotakiwa kukiona. Tunaporudishwa kwenye ile picha katika sehemu ya tisa, wanaume ni watatu. Palipokuwa na pengo amesimama Arnold, na uso wake ni wa Bernard. Wiki sita tulikuwa tunaitazama picha ile kwa macho ya roboti. Hata jina lilikuwa linacheka: chukua herufi za Arnold Weber, zipange upya, utapata Bernard Lowe, haibaki hata moja.

Nikisoma mabishano ya wakati ule, ninaloliona ni kwamba waliokataa nadharia ya William hawakukosa ushahidi. Walimpenda William. Alipofika bustanini aliongozwa kwenye chumba chenye kofia nyeupe upande mmoja na nyeusi upande mwingine, akachagua nyeupe. Alimsitiri Dolores wakati Logan anamcheka. Kukubali nadharia ilikuwa kukubali kwamba kijana yule ndiye atakayekuja kumburuta Dolores hadi bandani. Watu wakatafuta kila sababu ya kuikwepa, na siwalaumu.

Ndiyo maana ufichuzi, kwa waliokwisha kuujua, haukuharibika. Katika uwanja wa kanisa la Escalante, mji mwingine wa humo bustanini, Mvaa Nyeusi anampiga Dolores, naye, damu ikimtoka, anamwambia kwamba William atakuja, William atampata na kumwua yeye. Mzee anacheka. Anamsimulia habari za kijana aliyemtafuta msichana wake bustani nzima, akiua njiani, akigundua kila alipoua kwamba anapenda, hadi siku alipomwona mjini anadondosha kopo la maziwa na kumtabasamia mgeni mwingine, hamkumbuki tena. Kisha tunamwona kijana akivaa kofia nyeusi. Shabiki wa Oktoba alijua nani ni nani. Alichokuwa hajakijua ni kwamba Dolores atakuwa wa mwisho kuambiwa, na ataambiwa na mdomo huo.

Msimu wa pili, kwa maoni yangu, ulikunjwa nyakati kupita kiasi. Mafumbo yalizidi nyama. Tamthilia iliendelea hadi msimu wa nne, sehemu 36 kwa jumla, na HBO ikaifuta Novemba 2022. Lakini kabla ya huo msimu wa pili, Aprili 2018, Nolan na Joy waliingia Reddit wenyewe wakatoa ahadi: mkitupigia kura elfu moja, tutamwaga siri zote za msimu mpya katika video, ili asiyetaka kukisia asisumbuke. Kura zilipatikana haraka. Video ikawekwa, ya dakika 25 hivi. Inaanza kwa heshima zote, Bernard anaamka ufukweni. Dakika chache baadaye Evan Rachel Wood, yaani Dolores mwenyewe, anaimba wimbo wa Rick Astley wa mwaka 1987, ule ambao watu wa mtandaoni huutumia kumfanyia mtu mzaha, na mwenzake Angela Sarafyan anampigia piano. Muda wote uliobaki ni mbwa amekaa mbele ya piano.

Nilimtazama mbwa yule mpaka mwisho. Nilisimamisha picha mara mbili.