Si kila wimbo wa Mungu unaimbwa popote katika Misa

Nimeulizwa tena. Safari hii ni ndugu wa bwana harusi, baada ya mazoezi ya kwaya ninayoifundisha, hapa hapa Bagamoyo: "Mwalimu, kwani huo si wimbo wa Mungu? Sasa tatizo liko wapi?" Walitaka wimbo wanaoupenda uimbwe mahali pa wimbo wa "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Wimbo wenyewe ni mzuri, unamsifu Mungu tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini mahali pake si pale, na nimechoka kulieleza jambo hili mlangoni kwa mtu mmoja mmoja.

Kila wimbo katika Misa una kazi. Mwanzo, matoleo na komunyo husindikiza tendo linaloendelea, kwa hiyo tunachagua kulingana na dominika na kipindi. Utukufu kwa Mungu juu, zaburi ya katikati ya masomo na Mtakatifu hazisindikizi kitu, zenyewe ndizo tendo. Mtakatifu ni sehemu ya Sala ya Ekaristi, sala kuu ya Misa: padre anamaliza utangulizi kwa kutualika tuungane na malaika, nasi tunaitikia, waamini wote na padre, si kwaya peke yake. Ukipachika wimbo mwingine pale, umeng'oa kipande cha sala. Utukufu nao maneno yake hayabadilishwi, hata kama uliotunga wewe una kiitikio kitamu. Kwa wimbo wa katikati, fungua kitabu cha masomo, zaburi ya siku imo. Kwaresima hakuna Aleluya, hata kwenye mazishi. Utukufu haupo dominika za Kwaresima, ila tarehe 19 Machi, sherehe ya Mtakatifu Yosefu, unaimbwa. Nasema hili kwa sababu kila mwaka kuna mtu anakuja kutuonya tumekosea.

Kinachoniumiza hasa ni wimbo wa "Mwanakondoo wa Mungu", unaoimbwa padre anapomega mkate.

Padre akishasema tupeane amani, kwaya nyingi hudaka wimbo wa amani. Beti tatu, nne, kiitikio mara mbili. Watu wanatoka kwenye mabenchi, wanasalimiana hadi safu ya nyuma. Padre anasubiri, au hasubiri: ameshamega hostia, ameshatia kipande ndani ya kalisi, kikombe cha divai, na hakuna aliyemwona. Halafu ndipo kwaya inakumbuka Mwanakondoo, unaimbwa mbiombio kama deni, tendo lake likiwa limekwisha kupita.

Mwanakondoo uliingizwa katika Misa ya Kiroma na Papa Sergio wa Kwanza, mwishoni mwa karne ya saba, uimbwe wakati mkate unamegwa. Zamani kumega kulichukua muda, mikate ilikuwa ya kugawiwa watu wote. Ndiyo maana hata leo unaruhusiwa kurudiwa kadiri tendo linavyoendelea, ila mara ya mwisho lazima tumalizie "utujalie amani". Soma tena maneno hayo. Amani mnayoidai kwa wimbo wa ziada tayari mnaiomba humo ndani, mkimwomba Kristo mwenyewe, wakati mwili wake unamegwa mbele yenu. Roma ilishalisema waziwazi katika barua ya tarehe 8 Juni 2014: wimbo wa amani haumo katika Liturujia ya Kiroma, usiingizwe. Mpe amani jirani yako wa kulia na wa kushoto, kisha tazama altare. Mwanakondoo mzuri, ulioimbwa taratibu kwa sauti nne, wakati macho ya watu yako kwenye hostia, ni saa kubwa kabisa ya Misa. Kuipoteza kwa sababu ya kupeana mikono kunanihuzunisha kila dominika.

Kwenye ngoma msimamo wangu si mkali hivyo. Mwaka 1903 Papa Pio wa Kumi alikataza ngoma na piano kanisani, na wanawake hakutaka waimbe katika kwaya. Leo ukiwatoa wanawake, kwaya yangu inabaki sauti za kiume tu, besi na tena. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1963, ukaagiza muziki wa watu wa nchi za misioni upewe nafasi yake katika ibada. Basi tunapiga ngoma. Lakini ngoma ipi? Nikiweka mdundo wa mdundiko, ngoma ya Wazaramo ya kumtoa mwali, kwenye Utukufu, bibi zetu wa Kizaramo wanasimama na kuimba kuliko wanavyouimba wowote ule wenye noti ngumu. Wapo pia wanaoniambia wanakumbuka mwali anayetolewa nje, si utukufu wa Mungu. Wote wawili nawaelewa. Vitabu vinasema muziki ufae ibada, kisha vinanyamaza. Mimi naupiga sikukuu kubwa, dominika za kawaida nauacha, na kila mara moyo wangu unasita.

Mahali pa wimbo, hata hivyo, hapanisitishi hata kidogo. Maharusi, wimbo mnaoupenda leteni. Kama unafaa kuingilia, matoleo, komunyo au kutokea, tutaufanyia mazoezi na tutauimba kwa nguvu zote. Ila uleteni na noti zake kabla ya tangazo la tatu la ndoa, msinitumie kwenye simu usiku wa kuamkia harusi.