Fiesta za Ufilipino wakati wa korona: maswali na majibu

Fiesta ni sherehe gani hasa?

Ufilipino ni nchi ya Wakatoliki wengi, na karibu kila mji una somo wake, yaani mtakatifu msimamizi. Siku yake ikifika kuna misa, maandamano, ngoma na chakula, mambo yasiyotenganishwa. Januari ndiyo imejaa zaidi: tarehe 9 ni siku ya Nazareno Mweusi, sanamu ya Yesu aliyebeba msalaba, huko Quiapo, jijini Manila, kisha kuna Ati-Atihan ya Kalibo, Sinulog ya Cebu na Dinagyang ya Iloilo, hizi tatu kwa heshima ya Mtoto Yesu, Santo Niño.

Januari 9, 2020, maandamano ya Nazareno yalichukua zaidi ya saa 16. Tarehe 30 ya mwezi huohuo nchi ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Ilikuwa ponea chupuchupu.

Mbona yote hufanyika nje? Si kuna hewa ya kutosha?

Nje ni afadhali sana kuliko ndani, hilo halina ubishi. Upepo hutawanya haraka chembechembe laini za mate zinazobeba virusi. Lakini upepo hausaidii sana pale pua yako iko shingoni mwa mwenzako. Quiapo watu hubanana bega kwa bega, wengine wakipanda juu ya wenzao waifikie kamba ya gari la sanamu.

Halafu kuna sauti. Cebu hupiga kelele “Pit Señor!”, Kalibo “Hala bira!”, tena siku nzima. Mtu anayepaza sauti au kuimba hutoa chembechembe nyingi mara kadhaa kuliko anayeongea polepole, naye mchezaji anayehema huzivuta ndani kwa kina. Mtu wa korona huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla hajasikia dalili yoyote. Kwa hiyo ule ushauri wa “mgonjwa abaki nyumbani” ni wa lazima, ila peke yake hautoshi.

Na kubusu sanamu?

Kabla ya korona waumini walipanga foleni ndefu kubusu mguu wa Nazareno, au walirusha taulo ipanguswe kwenye sanamu na kurudishiwa. Baadaye tulijifunza kwamba korona huenea zaidi kwa hewa kuliko kwa kugusa vitu, kwa hiyo foleni yenyewe ilitisha kuliko ule mguu. Hata hivyo midomo ya maelfu mahali pamoja hupitisha magonjwa mengine, mafua yakiwemo. Maandamano yalifutwa 2021 na 2022. 2023 watu walitembea kwa sala bila msukumano wa kawaida. Na yaliporudi 2024, sanamu ilikuwa ndani ya kioo. Wapo walionung'unika. Binafsi naona kioo kilikuwa suluhu ya busara: macho yanaona na ibada inaendelea.

Ngoma ya kwenye simu inahesabika?

Mwaka 2021 Iloilo iliamua hivyo: ngoma za Dinagyang zilirekodiwa, watu wakatazama mtandaoni. Mtazamaji alikuwa salama. Wa kuangaliwa hapa ni mchezaji, kwa sababu kundi hufanya mazoezi kwa wiki nyingi, na humo ndimo ugonjwa hupenya. Kundi dogo lisilochanganyika na mengine, mazoezi uwanjani badala ya ukumbini, na mwenye kikohozi arudi nyumbani bila kuonekana mvivu.

Vinyago vya MassKara vinazuia virusi?

Hapana. MassKara ni sherehe ya Bacolod, mji unaotegemea miwa, ulioanza kuvaa vinyago hivyo vya tabasamu mwaka 1980, bei ya sukari ilipoanguka na meli ya Don Juan ikazama na watu wake. Vilikuwa vya kufariji mji. Vina matundu, na havibani usoni. Wa pwani watakumbuka kwamba hata neno barakoa lilikuwa la vazi la uso la wanawake kabla halijawa la hospitali. Jina halikingi, kinachokinga ni kitambaa chenye tabaka na kinachokaa vizuri juu ya pua.

Basi tukiacha maandamano tukala nyumbani tu?

Hapo ndipo wengi walipojidanganya. Siku ya fiesta mlango huwa wazi; hata mgeni asiyejulikana hukaribishwa kwenye nguruwe wa kubanika. Chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, hakuna barakoa kwa kuwa watu wanakula, na bibi amekaa katikati kwa heshima. Ukinilazimisha kuchagua, nitasimama saa moja kando ya barabara kuliko kukaa saa tatu katika chumba hicho.

Kama lazima mle pamoja, toeni meza uani. Mmoja agawe chakula, sahani zingine zipelekwe kwa jirani. Wazee na wenye kisukari au presha wawe wamekamilisha chanjo, na wakae upande wenye hewa.

Nimerudi kutoka kwenye sherehe, koo linawasha. Nifanyeje?

Dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 14, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza. Lala chumba chako, vaa barakoa ukitoka, pima. Kipimo cha haraka kikisema huna na dalili zipo, rudia baada ya siku mbili. Waarifu mliokula nao, hata kama ni aibu. Ukikosa pumzi, kifua kikibana, ukichanganyikiwa au midomo ikigeuka rangi, nenda hospitali usiku huohuo.