Nukta Moja kwenye Ramani: Kusoma Lebo za Mimea Mikavu ya Lindi na Mtwara

Hebaria ni hazina ya mimea iliyokaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi nene yenye urefu wa sentimita 42 hivi, kisha ikawekewa lebo inayoeleza nani aliichuma, wapi na lini. Duniani ziko zaidi ya 3,000, zenye sampuli zinazokaribia milioni 400. Sehemu kubwa ya sampuli za mikoa yetu ya kusini haiko huku kusini: iko Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Kew kule London, Paris na miji mingine ya Ulaya. Kazi yangu, nikiwa Mtwara mbele ya kompyuta, ni kusoma picha za sampuli hizo na kuzigeuza lebo zake kuwa taarifa ambazo mtafiti anaweza kuzitafuta, kuzichuja na kuzichora kwenye ramani. Wengi hudhani ugumu uko kwenye kupiga picha, lakini picha ndiyo sehemu nyepesi.

Hata hivyo, picha nayo ina taratibu zake. Sampuli hukaa kwanza siku kadhaa kwenye friza kali ili wadudu na mayai yao wafe, hupewa msimbo pau wake wa kudumu, kisha hulazwa chini ya kamera pamoja na rula na kipande cha rangi sanifu, ili atakayeitazama mbali na hapa aweze kupima jani na kujua ukahawia anaouona ni wa mmea au wa taa. Bahasha ndogo iliyobandikwa pembeni ya karatasi hufunguliwa, kwa kuwa humo ndimo zinamohifadhiwa mbegu na maua yaliyodondoka. Karatasi haigeuzwi kifudifudi hata kidogo. Ndiyo maana zipo hebaria zilizopindua skana zao, zikawa zinaitazama sampuli kutoka juu badala ya sampuli kulazwa kifudifudi juu ya kioo.

Baada ya hapo inabaki lebo. Chukua mfano wa H. J. Schlieben, Mjerumani aliyechuma maelfu ya sampuli Tanganyika kati ya mwaka 1930 na 1935, zikiwemo nyingi za Lindi. Lebo zake kadhaa zinataja Ziwa Lutamba, kilomita 40 magharibi mwa Lindi. Asiyeijua Lindi atafungua ramani, atapima kilomita 40 kuelekea magharibi na kuweka nukta. Ziwa hilo lipo, na leo wenyeji na ramani huliandika zaidi Rutamba, lakini kwa mstari ulionyooka halifiki kilomita 30 kutoka mjini. Zile 40 yaelekea ni za njia aliyoipita, na njia hupinda. Aliyepima kwa rula ameupeleka mmea wa msitu wa pwani nje kabisa ya msitu uliouotesha, na kompyuta haitalalamika, kwa sababu kwake nukta ni nukta.

Kwa hiyo kila nukta huandikwa pamoja na nusu kipenyo cha mashaka, yaani umbali ambao mahali penyewe panaweza kuwa ndani yake. Lebo inayotaja ziwa dogo huweza kupewa kilomita mbili au tatu. Inayosema tu wilaya ya Lindi inastahili makumi ya kilomita, na mimi naona ni afadhali iachwe bila nukta kuliko kubandikwa katikati ya mji. Maneno ya lebo yenyewe hunakiliwa kama yalivyo, tahajia ya Kijerumani ikiwa humo humo, na tafsiri yangu hukaa kwenye safu nyingine. Lebo ikisema Muera, naiandika Muera; safu ya pili ndiyo inayosema uwanda wa Wamwera.

Umakini huu una sababu. Katika vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya dunia ya spishi zilizo hatarini kutoweka, eneo la kuenea kwa spishi hupimwa kwa kuunganisha nukta zake za pembeni. Likiwa chini ya kilomita za mraba 100, na masharti mengine yakitimia, spishi huhesabiwa kuwa hatarini mno kutoweka; likiwa chini ya 5,000, huhesabiwa kuwa hatarini. Mti unaojulikana katika vipande vitatu vya msitu vilivyokaribiana unaweza kuvuka mpaka wa 100 kwa nukta moja iliyopotea, ukaonekana una nafuu usiyo nayo porini.

Lindi si mahali pa kufanyia mzaha huo. *Erythrina schliebenii*, mti wenye maua mekundu uliopewa jina la Schlieben huyo huyo, uliorodheshwa mwaka 1998 kuwa umetoweka, kisha ukaonekana tena katika misitu ya kusini mashariki ya Tanzania. Wanaokwenda kutafuta mti wa namna hii huanza na lebo ya zamani, kwa kuwa hawana kingine cha kuanzia.

Jambo jingine linaloturudisha kwenye lebo ni nakala. Mchumaji hodari hukata matawi kadhaa ya mmea mmoja, huyapa namba moja na kuyagawa kwa hebaria mbalimbali. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943, mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin, ambako sampuli nyingi za enzi ya Wajerumani zilikuwa zimetunzwa, na nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine zikawa ndizo tegemeo. Leo kila hebaria hunakili lebo yake kivyake, hivyo mmea mmoja huweza kuonekana kwenye hifadhidata ya dunia, GBIF, kama mimea minne iliyochumwa sehemu nne. Jina la mchumaji, namba yake na tarehe ndivyo vinavyoziunganisha.

Mipaka nayo imehama. Lindi ilimegwa kutoka mkoa wa Mtwara mwaka 1971, kwa hiyo lebo ya mwaka 1968 inayotaja Mtwara inaweza kumaanisha Nachingwea. Kigumu zaidi ni vijiji. Lebo za miaka ya 1950 hutaja vijiji ambavyo watu wake walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970, na kwenye ramani za 1:50,000 vingine havionekani kabisa. Hapo kompyuta haina msaada. Mzee mmoja niliyemsomea jina la lebo aliniambia bila kufikiri, "Hayo ni mahame, mwanangu, miembe ipo mpaka leo," akanitajia kijito cha jirani. Kijito hicho kilikuwa kwenye ramani.

Si kila nukta niliyoihakiki huonyeshwa hadharani. Kwa okidi zinazoibwa na miti adimu ambayo mbao zake zina soko, taarifa inayotolewa kwa umma huzungushwa hadi desimali moja ya digrii, ambayo ni kilomita 11 hivi, na rekodi husema wazi kwamba imefichwa makusudi. Mtafiti mwenye sababu huomba nukta kamili kwa barua, na hupewa.